Mguu wa Majaribio

Fundi viatu alikuwa mtu wa maneno machache na heshima nyingi. Sukari ilipomharibu mguu wa kushoto, ukakatwa chini ya goti, hakulalamika. Aliketi kibarazani kwake akaendelea kugonga soli. Kilichomchoma roho ni kimoja tu: wenzake waliposimama katika sala, yeye alibaki chini.

Basi watafiti wa chuo walipomchagua aujaribu mguu wao mpya wa bandia, alilia mbele za watu. Mguu wenyewe ulikuwa mwepesi kama kandambili. Ulitengenezwa kwa plastiki ya aina mpya waliyoihangaikia maabarani miaka na miaka, na ndani yake mlikuwa na vidude vya kupima kila hatua. Ukimfaa yeye, kiwanda kingetengeneza mingine kwa wingi.

"Mashine inasoma hatua, baba, haisomi maumivu," mtafiti alimweleza, binti mpole wa umri wa kitindamimba wake. "Hayo utatuambia wewe. Unabana?"

"Hata kidogo, mwanangu. Mungu awabariki."

Ulibana. Ulimbana kwenye mfupa wa mbele tangu wiki ya kwanza. Lakini alijiambia, watu wamekupa mguu bure, nawe uanze kununa kama mgeni aliyeletewa chai baridi? Tena aliogopa wasije wakampa mtu mwingine. Kwa hiyo kila alipoitwa chuoni alikaza meno, akatembea kama askari kwenye gwaride, na mashine ikaonyesha mambo ni mazuri.

Mkewe ndiye aliyemwosha kigutu. Ngozi ilipochubuka, alisema. Kidonda kilipoanza kutoa maji, aligomba.

"Baba watoto, wateja wako wakificha kwamba kiatu kinabana unawafokea. Leo haya imekuingia wewe?"

"Kiatu wananunua, mama. Huu nimepewa."

"Umepewa uutembelee au ukuue?"

"Niache nisimame kidogo."

Mkewe akamfunga kidonda kwa kitambaa safi. Alikuwa amemwona akisimama katika sala, machozi yakimlengalenga, naye hakuwa na moyo wa kumrudisha chini.

Kidonda kilipoanza kunuka, alimpeleka chuoni mwenyewe, akamvua ule mguu mbele ya yule binti. Binti alitazama, akakaa sakafuni pale pale alipokuwa.

"Baba, kwa nini? Kiwandani wamechonga kalibu ya kumiminia plastiki kwa kufuata majibu yako. Miguu imeshaanza kutoka."

"Niliona aibu, mwanangu. Mlinitendea wema."

"Tulikuuliza ili turekebishe! Ungesema tu, tungekwangua hapo ndani. Ni kazi ya asubuhi moja."

Fundi alitazama mikono yake, mikono iliyokwangua visigino vya viatu vya watu maisha yake yote.

Hospitali walikata tena, safari hii juu ya goti. Mguu ule ulikuwa wa mtu mwenye goti lake, haukumfaa tena. Kiwanda kikasimamishwa, na waliokwisha kuvaa wakaitwa mmoja mmoja, waulizwe upya mbele ya ndugu zao. Wawili walikuwa na vidonda. Fundi alipopata habari hizo hakula siku ile.

Binti alikuja kumwona, akaahidi kwamba wataanza utafiti wa mguu wenye goti. Fundi alimshukuru sana, kwa adabu zake zote. Mgeni alipoondoka, mke wa fundi aliuliza kama amjibu binti kwamba mumewe atakubali kuujaribu.

"Watafute mtu msema kweli," alisema.

Siku hizi anasali nyumbani, amekaa. Akiulizwa mbona haendi kusali na wenzake, husema njia ni ndefu. Nyumba ya ibada iko mtaa wa pili tu, na mkewe huenda peke yake.