Bomba Chini ya Sebule

Ada ya kuunganishwa na bomba la majitaka la mtaa, mama mshonaji aliilipa kwa kuuza cherehani yake moja. Kilichomuuma zaidi ni sakafu. Choo kiko nyuma, bomba liko barabarani, ubavuni ni kuta za majirani. Lazima mtaro upite katikati ya sebule aliyoisakafia marehemu mumewe, yeye akiwa hospitali kujifungua.

"Vunja tu," alimwambia fundi, akageuka asione.

Nyundo haikupiga sana. "Mama, njoo. Humu kuna bomba tayari, na mteremko wake safi kabisa."

Marehemu alikuwa ametazama mbali, miaka thelathini kabla. Mdomo wa bomba aliuziba kwa kitambaa cha maua ya njano. Fundi alikivuta, ukatoka mkono wa gauni.

Mshonaji aliutambua mshono wake. Gauni hilo lilipotea siku zile za uzazi, akamwita wifi yake mwizi mbele ya watu. Mumewe alikuwa hapo hapo, akapiga kimya. Yeye na wifi hawakusemezana tena mpaka wifi akazikwa.

"Una bahati, mama," alisema fundi. "Gharama imeshuka nusu nzima."

Mshonaji aliketi juu ya kifusi, akaukunja ule mkono wa gauni mapajani.