Kompyuta Isiyojua Tundu Lake

Mwaka 2015, baridi ya Johannesburg ilipoanza kuuma, yaya alinunua mashine ya kufuma kutoka kwa ajuza mmoja wa Kizungu kule Randburg, na juu yake akapewa kompyuta. Yaya ni dada yangu mkubwa. Kwetu Lubumbashi dada mkubwa haitwi jina, wala habishiwi. Alikuwa na chumba cha kushonea Jeppestown, juu ya karakana ya mabomba ya moshi ya magari, na alikuwa ameahidi kuifumia kwaya ya akina mama wa kanisani sweta ishirini na nne, kila moja na njiwa kifuani. Njiwa huyo angefumwa na mashine yenyewe, mradi kompyuta iitumie mchoro kwa waya.

"Weye ulisoma kompyuta," akaniambia. "Fanya."

Kusoma nilisoma. Nilisoma mwaka mmoja, na katika mwaka huo walimu waligoma miezi saba. Lakini Johannesburg nilikuwa nimejiita injinia mara nyingi mno, hata mwenyewe nikaanza kuamini. Kazi yangu ilikuwa kulinda geti la maghorofa, na redio za walinzi zikiharibika nilizifungua mimi. Baadhi zilipona.

Kompyuta ilikuwa ya miaka ya themanini, kibodi nene kama mkate, na ubongo wote umo humo humo. Skrini ni televisheni yako. Programu ya kuchorea ilikuwa kwenye kaseti, kaseti kabisa, ile ya muziki, ila badala ya nyimbo ni miluzi ambayo kompyuta peke yake ndiyo huielewa. Ubavuni palikuwa na nafasi moja ya kuchomeka kadi ya ziada, na kwenye kadi ndiko kulikuwa na tundu la waya wa mashine. Yaya akamchora njiwa kwa vijiraba, nusu siku nzima. Nikabonyeza kitufe cha kutuma. Televisheni ikaandika: KIFAA HAKIPO.

"Kipo," nikaijibu kwa sauti. "Nimekishika."

Siku tatu nilihangaika. Nilibadilisha waya, nikapuliza tundu, nikasugua kadi kwa spiriti, nikaipiga kofi. Shemasi wetu alipopita kuulizia sweta aliweka mkono juu ya kibodi na kukemea roho ya ukaidi. Akaandika kwa kiganja chake herufi kama kumi na tano zisizo na maana, kisha akasema amina. KIFAA HAKIPO.

Mwishowe yaya alimpigia simu yule bibi. Kesho yake Ouma, yaani bibi kwa Kiafrikana, maana ndivyo alivyotaka tumwite, akaja Jeppestown na kigari chake, akakiegesha katikati ya mafundi wa mabomba kana kwamba ni uani kwake, akapanda ngazi huku akihema na kututukana kwa upole kwa kukaa juu.

"Umeiambia kwamba kadi ipo?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Nimwambie nani?"

"Kompyuta! Mfumo wake umechomwa kwenye chipu kiwandani. Siku hiyo kadi hii ilikuwa bado haijatengenezwa. Inajua kibodi, inajua televisheni, inajua kaseti. Basi. Kitu kingine chochote ukichomeka ubavuni, kwake hakipo, mpaka uipe anwani ya kitu hicho na uifundishe jinsi ya kuongea nacho."

Nikamtafsiria yaya. Akafikiri kidogo. "Kumbe kadi haina karatasi za kukaa," akasema. "Sawa na siye tu."

Ouma alivua koti, akaketi, akaanza kuandika. Mistari arobaini hivi, karibu yote namba, bila kutazama popote. Mimi injinia nilisimama nyuma yake nikishika kikombe chake cha chai. Alipomaliza akabonyeza, na mashine ikaanza kutetemeka. Sindano zikapanda na kushuka, na mkia wa njiwa ukatokea. Yaya alipiga kigelegele mpaka mafundi wa chini wakazima grinda.

Wakati mchezo unaanza kunoga, umeme ukakatika. Zamu yetu ya mgao. Uliporudi, kompyuta ilikuwa imesahau kila kitu, na njiwa wa kwanza akabaki kifuani bila kichwa.

"Ndiyo maana nilikuwa na kaseti ya programu hii," Ouma akasema. "Lakini marehemu mume wangu alirekodi juu yake mechi ya raga. Unamsikia yeye mwenyewe akimtukana refa. Hiyo siwezi kuifuta."

Kaseti ya kuchorea nayo akatukataza tusiiguse, kwa sababu hakuna nyingine duniani. Jeppestown nzima hatukupata kaseti tupu. Ilibaki moja tu, ya yaya: mahubiri ya mchungaji wa Lubumbashi, aliyokuja nayo kwenye mkoba wa nguo.

"Upande wa pili ni nyimbo tu," nikamwambia.

"Nyimbo TU?"

Kesho yake Ouma akarudi akaandika upya, na umeme ukakatika tena, njiwa akiwa amefika shingoni. Yaya akanirushia kaseti ya mahubiri. Ouma akaandika mistari yake mara ya mwisho, tukairekodi juu ya nyimbo.

Tangu hapo kila umeme uliporudi tulicheza kaseti, kompyuta ikaipata kadi yake, tukaendelea. Ukikosea upande, mchungaji aliingurumia kompyuta ndani kwa ndani, nayo ikajibu kwamba haielewi. Sweta ishirini na nne zilikwisha kabla ya baridi kwisha. Mama mmoja wa kwaya alisema njiwa wake anafanana na kuku. Yaya akamwambia ni Roho, hana sura maalumu.

Aibu ilikuja baadaye. Shemasi aliiazima kaseti bila sisi kujua, akaicheza kwenye mkutano wa maombi, upande wa pili, akitaka zile nyimbo. Vilio na miluzi ya programu vikajaa ukumbi. Watu wakafumba macho. Dada wawili walilia. Shemasi alitangaza kwamba lugha ile haijawahi kusikika katika nchi hii, jambo ambalo halikuwa uongo.

Yaya alinitazama. Nikatazama viatu.

"Usiwaambie," akaninong'oneza. "Wamebarikiwa tayari."