Paka Wangu Alipakwa Hina

Haya, niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Msambweni, maana wao hawakosi kuongeza chumvi: mimi ndiye yule aliyeagwa kwa biriani na dua, akaliliwa na mtaa mzima, kisha akarudi na masanduku yake alasiri ya siku hiyohiyo, sufuria za karamu bado hazijarudishwa kwa wenyewe.

Mume wangu Bakari alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani, akapata kazi Ujerumani, nami nikabaki miaka miwili nikingojea viza pamoja na Sukari, paka wangu mweupe kichwa hadi mkia. Viza ilipotoka nilimwambia Bakari wazi kwamba naja na Sukari au siji. Akakubali (angefanyaje?). Sukari akachanjwa, akatiwa kijidude cha utambulisho chini ya ngozi, akapimwa damu, tukangoja miezi, mpaka karatasi zake zikawa nyingi kuliko zangu.

Sasa, siku ya kuamkia safari akaja shangazi yangu Mwanasha kunipaka hina, maana mwanamke haendi kwa mumewe mikono mitupu. Tulipomaliza, hina ikabaki kibakulini, na Sukari kalala mapajani pangu.

"Na mwenzio je?" shangazi akatania. "Aende hivihivi?"

Mimi, mtu mzima na akili zangu, nikamshika kichwa. Ua moja tu, kwenye paji la uso, asipoweza kupalamba. Tukacheka sana. Asubuhi ua halikuwepo tena. Alikuwa amelilalia, na hina imetambaa mpaka sikioni, imekolea rangi ya kutu.

Uwanja wa ndege wa Mombasa daktari wa mifugo akatazama cheti, akatazama paka, akarudia cheti. "Dada, hapa pameandikwa mweupe mtupu. Huu ni ugonjwa gani wa ngozi?"

Nikaona haya kusema. Nikamwomba dakika tano, nikaingia chooni na kasha alimokuwa Sukari, nikamtoa, nikamtia sabuni. Basi! Alichomoka ameroa chapachapa, akakata ukumbi mzima, watu wakiinua mabegi na watalii wakimpiga picha, nami nyuma yake buibui limenivuka begani na kiatu kimoja mkononi, naita "Sukari! Sukari!" kama mchuuzi, mpaka nikamkamata juu ya mkanda wa mizigo. Na ile hina, wallahi, ilizidi kung'aa.

Hapo nikakaza roho. Nikamrudia daktari, nikamkunjulia viganja vyangu mbele ya foleni yote, nikasema kwa sauti, "Si ugonjwa. Ni hina. Nimempaka mimi."

Foleni ikaangua kicheko. Hata daktari alijifuta machozi. "Mimi nakuamini, dada yangu, mimi ni mtu wa Kwale. Lakini hao unakokwenda hawatakuelewa. Watamzuia. Wewe nenda, paka mwache hapa nyumbani."

"Simwachi," nikasema. Wala sikufikiri mara mbili.

Nikampigia Bakari. "Umeshapanda ndege?" akauliza. Nikamwambia narudi Msambweni kwa sababu paka ana hina. "Paka ana nini?" akauliza.

Na huko Msambweni habari ilikuwa imenitangulia, ila si hiyo: ati nimeachwa! Majirani wakaja kunipa pole, wengine wamejitanda kama wanaokuja matangani. Kila mmoja nilimfungulia kasha ajionee. Hawakuamini.

Wiki tano nilikaa. Kila asubuhi nilimpunguza Sukari manyoya kwa mkasi mdogo, nikamchana, nikampeleka uani juani kutazama rangi, na mama yangu kaketi kibarazani anachambua mchele, macho hayabanduki kwenye ungo. Nilidhani ananionea aibu. Mwishowe weupe ukarudi, tukapata cheti kipya.

Safari hii hapakuwa na biriani. Mama peke yake alitusindikiza mpaka garini, akanishika mkono.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Wewe ukimkata yule paka manyoya, mimi nilikuwa naomba hina isitoke."

Nimekula yamini sitampaka tena mnyama hina. Lakini zile wiki tano nilizokuwa najificha watu ndani, nikihesabu siku za kuondoka, laiti ningalitoka nikakaa na mama kibarazani.