Ukuta Uliokataa Chokaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama nje ya ofisi ya ujenzi ya Kakamega nikitafuta salamu. Nianze na "asalaam aleikum", kama kwa baba, mshona kofia wa Mumias? Au "mulembe", kama kwao mama, Waisukha wa upande wa Mukumu? Nilikuwa nimetoka chuo cha sanaa Kampala, lakini jambo dogo hilo lilinitoa jasho. Mwishowe niliingia kimya, nikaonekana sina adabu.

Ninyi mnaonunua rangi tayari kwenye mkebe, sisi tulichanganya wenyewe: unga wa rangi, mafuta ya kitani, tapentaini. Mpako mmoja tuliuita mkono. Ukuta mpya uliachwa ukauke kabisa kabla ya mkono wa kwanza, la sivyo rangi ingebanduka. Nilipaka milango, vibao vya barabarani, hata nambari za malori ya serikali. Injinia wetu wa kwanza, Mzungu, aliitazama michoro niliyoichora pembeni mwa milango akasema, "Mapambo ya nyumba za udongo. Umesomea zaidi ya haya."

Uhuru ulipokaribia aliondoka, akaja Mwafrika mwenzetu. Nilifurahi. Alinipa ukuta wa mbele wa ukumbi mpya nichore mkulima na jembe, kama kwenye picha iliyotumwa kutoka Nairobi.

Nilizunguka ukuta ule nikiwaza mpaka mafundi wakanionea huruma. Mkulima yule sikumjua. Jembe lake halikuwa hata na udongo. Nilichokijua ni hiki: mama, ambaye alisilimu alipoolewa, hakuacha kukandika nyumba kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Kabla ukuta haujakauka alipitisha vidole, akaacha mawimbi. Baba naye alishona nyota na matawi kwenye kofia, bila mtu wala mnyama hata mmoja.

Nikamwomba nyapara, msimamizi wa mafundi, apige plasta upya. Ikiwa bado mbichi, nikatia vidole.

"Wewe Musa," nyapara alicheka, "umeolewa wapi? Hii kazi inafanywanga na wanawake!"

"Basi niletee maji, wifi."

Mafundi wakaangua kicheko. Mawimbi ya mama yakapanda kutoka chini, nyota za baba zikakaa katikati yake. Plasta ilipokauka, nikatia rangi nyekundu na nyeusi.

Injinia akaja kukagua. "Hii ni ya Waislamu au ya Waisukha?"

"Ni yangu, bwana."

"Taifa linataka kitu kimoja. Chagua upande, au upake chokaa."

Mimi niliyeshindwa na salamu, hapo sikuwaza hata kidogo. "Sichagui. Na chokaa sipaki."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Aliyekutangulia aliongea hivyo hivyo."

Nilipewa uhamisho kwenda Mayoni, kupaka rangi maghala. Nyapara aliamriwa kufunika ukuta, akaupiga chokaa mkono juu ya mkono.

Asubuhi ya sherehe ya kufungua ukumbi nilirudi na mama. Wageni walikuwa wamekaa. Jua likaupiga ukuta kutoka ubavuni, na kila mfereji wa kidole ukatoa kivuli. Mawimbi yote, nyota zote, weupe juu ya weupe. Watu wakaanza kuunyooshea ukuta vidole. Injinia akamvuta nyapara kando.

"Si nilikuambia uifute?"

"Nimefuta rangi, bwana. Hii imebaki ni ukuta. Tubomoe ukumbi?"

Mama alisogea, akaweka vidole vyake ndani ya mifereji. Vikaingia sawasawa. "Huyu injinia," akauliza kwa sauti, "kwao hawakukandikanga nyumba?"

Nimestaafu sasa. Kila ofisa mpya huja na rangi yake ya kuupaka ukuta ule. Ya sasa ni ya maziwa. Bado naulizwa kama mimi ni wa Mumias au wa huku kwao mama. Huamka mapema, nikapita pale jua linapotokeza, nikausalimu ukuta: asalaam aleikum, mulembe. Zote mbili, kwa sauti, wapita njia wakisikia.