Sahani ya Maua ya Buluu

Siku niliyoificha sahani ya mama yangu chini ya makanda ya tende naikumbuka, mwanangu, kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na nilijiona mjanja.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, mama na mimi, baba tumeshamzika Unguja. Ami yangu alitupa chumba cha juu nyumbani kwake. Alitupokea vizuri, sitaki kumsengenya maiti, lakini Kiarabu cha mama kilikuwa cha kusalia tu, na wanawake wa mtaani walisema naye kwa mikono. Alishinda dirishani akishona kofia. Ukiwa si kukosa watu, mwanangu. Ni kukosa wa kucheka naye.

Miaka ikapita, ndipo akaja Sista Klara, mtawa wa Kikatoliki, Mgoa, muuguzi wa zahanati ndogo ya wanawake nyuma ya mtaa wetu. Alikuwa ameitumikia Unguja miaka mingi. Siku alipomwambia mama, "Karibu, bibi, mguu wakuuma wapi?" mama alilia mbele ya wagonjwa wote. Tangu hapo kila alasiri walikaa pamoja wakinywa chai na kuisema Unguja.

Na Sista alikuwa mpweke kutushinda sisi. Kanisa hakuna, padri hakuna. Sala zao nyingine ni za kupokezana, mmoja huanza na wenzake huitikia. Yeye alianza mwenyewe na kujiitikia mwenyewe. Siku moja nilimcheka. Hakukasirika. "Zuwena," alisema, "nikiiruka zamu ya wenzangu, ntawasahau."

Krismasi yake ya kwanza mama alimpelekea mkate wa kumimina, kama tulivyowapelekea majirani zetu Wagoa huko kwetu. Sahani ikarudi na biskuti, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Krismasi ya pili mama alikuwa na nazi moja tu, iliyokuja na meli, akiitunza kama dhahabu. Akaikuna. Mkate akautia katika sahani yake ya maua ya buluu, ya harusi yake, akanituma.

Kichochoroni nikakutana na binti za ami.

"Weye Zinjibari, wampelekea nasara chakula?"

Nasara ni Mkristo. Wakacheka, nami nikaona haya. Tukajibanza nyuma ya ukuta tukaula mkate wote, na mcheshi wao nikawa mimi. Sahani ningeirudisha tupu, mama angejua haikufika. Basi nikaificha ghalani kwa ami, chini ya makanda ya tende, nikamwambia mama, "Kashukuru sana."

Mama akaingoja sahani, kwa Sista hakwenda, asije akaonekana anaidai. Wiki, kisha mwezi. "Labda tumemchosha," akasema, na zahanati hakwenda tena. Sista naye akanikuta njiani: "Mama yako simuoni. Nimemkosea nini?" Nikamjibu ana wageni. Wageni! Sisi tusio na mtu! Njia ya mwongo ni fupi, wasema, lakini yangu niliivuta miezi mitatu.

Kisha tukasikia Sista anaondoka. Mtawa ameapa utii, akitumwa, huenda. Roho ilinisuta. Nikaichukua ile sahani nikamwendea, nikamwambia yote. Alikuwa ameketi juu ya kitanda kilichokwisha kuvuliwa shuka.

"Siku ile ya Krismasi niliweka vikombe viwili," alisema. "Nikangoja mpaka chai ikapoa." Akanikazia macho. "Miye nimekusamehe. Lakini mama yako ndiye mwenye haki. Mwambie leo, Zuwena, si kesho. Meli yangu yaondoka asubuhi, na nnataka kumuona."

Akatafuta cha kutia katika sahani. Chumba kilikuwa kitupu. Akalikung'uta kopo lake la sukari, ikatoka konzi moja.

Niliogopa, mwanangu. Nilimwambia mama asubuhi, baada ya chai, nikampa sahani na sukari yake.

Alitoka bila viatu. Nilimkimbilia mpaka bandarini, na meli ilikuwa imeshang'oa nanga. Hakunipiga, heri angenipiga. Alirudi akaketi dirishani, sahani mapajani.

"Nilikuwa na mtu mmoja, Zuwena," akasema.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi niliona haya, mama ndiye aliyebaki peke yake. Kwa hiyo nakuusia: usimwonee haya anayewafaa watu wako, hata mji mzima ukikucheka. Na ukikosa, omba radhi siku hiyo hiyo. Usingoje ujasiri, mimi niliungoja usiku mmoja tu, na sijamaliza kuujutia. Na ukimjua mtu anayekula peke yake na kusali peke yake, mpigie hodi, dini yake iwe yoyote.

Sahani imo kabatini. Ukiolewa ni yako, ila usiiache ikakaa tupu. Mungu akulinde, mwanangu, akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimekosa", na kila utakapoita, asikukoseshe mtu wa kukuitikia.