Direkta wa Iko Wapi

Térence alipouza moto yake, pikipiki aliyobebea abiria, kwa Frédéric wa Luvungi, watu wa Kasenga, hapa Uvira, walidhani ana mgonjwa nyumbani. Aka! Aliuza ili awe direkta. Direkta wa nini? Wa kitu cha ndani ya simu kinachoitwa Iko Wapi: unaandika "kinyozi" au "fundi viatu", nacho kinakuonyesha kibanda, mtaa na namba ya kupiga. Wazo lenyewe halikuwa baya, tusimwonee. Muda wote aliokuwa kwenye moto, abiria walikuwa wakimuuliza, "Ee motard, iko wapi pale wanauzisha vioo?" naye anawafikisha mpaka mlangoni. Siku moja akajiambia kwamba mdomo wake unafanya kazi ya bure. Hapo ndipo shetani alipompata.

Mkewe, Generose, alimwonya. "Baba Irankunda, ile moto ndiyo inatulisha. Mambo yakishindikana, tutakula hiyo telefone?"

Térence akacheka puani. Mwanamke atajua nini? Yeye alishasikia kwamba huko kwenye miji mikubwa wapo vijana walioanza hivyohivyo, bila mkopo, bila mfadhili, na leo wanapigiwa saluti. Pesa ya moto ikaenda kwa kijana wa Bukavu aliyeitengeneza hiyo Iko Wapi, na iliyobaki ikanunua tai, viatu vya kuchongoka, na beji ya kuning'iniza shingoni yenye picha yake mwenyewe, kakunja uso kama waziri. Maskini akipata, matako hulia mbwata. Na huyu alikuwa hata hajapata.

Basi direkta akaingia mitaani kuandikisha biashara, Kasenga, Nyamianda, kote. Sasa mtu yeyote aliyeishi Uvira anajua kwamba anayekuja na beji na kalamu, akauliza unafanya kazi gani hapa na namba yako ni ipi, huyo ni mtu wa kodi. Na mtu wa kodi haambiwi ukweli. Hilo tunalinyonya pamoja na maziwa. Mama wa mgahawa akasema pale ni nyumbani kwake, na ile sufuria kubwa ni ya wageni wa kilio. Kinyozi akasema ananyoa shemeji zake tu. Fundi mmoja wa jenereta akatoa namba ya simu iliyokwisha kufa, mwingine akatoa ya mchungaji wake. Térence, mtoto wa hapahapa, akaandika yote kama mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege.

Lakini kwa Chadrack alijipita mwenyewe. Chadrack naye ni fundi wa jenereta, kibanda chake kiko nyuma ya kanisa, na Térence ndiye aliyekuwa akimpelekea wateja kwa moto ileile. Siku hiyo Chadrack hakumtazama usoni, aliitazama beji.

"Minye niliacha ile kazi, patron. Sasa niko nauzisha makala."

Mikono yake ilikuwa nyeusi kwa oili mpaka kwenye viwiko, na jenereta lilikuwa limefunguliwa tumbo hapo miguuni pake. Térence akaandika: muuza makaa. Jamani! Alikuwa anajua! Ila moyoni alijiambia kwamba kuandika unachokijua ni mambo ya motard. Direkta anaandika anachoambiwa.

"Watu wa huku ni wajinga," alimwambia Generose. "Hawajue hata faida yao." Generose akaendelea kuchambua mboga.

Wa kumwamini alipatikana mmoja tu. Aline, mama mwenye chumba cha baridi cha samaki kule Kalundu, aliahidi kwamba Iko Wapi ikimfaa hata mara moja, atalipia tangazo la mwaka mzima na kuwaleta wafanyabiashara wenzake. Térence akashikilia hapo. Bila Aline, biashara imekufa na moto imekwenda bure.

Mchana mmoja umeme ukakatika, na jenereta la Aline likagoma. Akafungua Iko Wapi, akatafuta fundi. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili akapokea mchungaji, akamuuliza kwa upole anataka kuombewa nini. Aline akampigia Térence.

"Direkta! Samaki yangu iko inaoza. Fundi iko wapi?"

Ikabidi direkta akodi moto. Na kituoni alikuwepo nani? Frédéric, juu ya ile moto, na kwenye tanki bado imebandikwa karatasi aliyoibandika Térence mwenyewe: Mungu Halali. Wakaenda moja kwa moja nyuma ya kanisa. Kabla ya kushuka, Térence aliivua beji akaificha mfukoni, maana angeingia nayo angeuziwa makaa.

"Eh, Térence!" Chadrack akashangilia. "Weye! Ulipotelea wapi siku zote?"

Wakapanda watatu mpaka Kalundu. Chadrack akainama, akafungua, akapuliza, akafunga, jenereta likanguruma. Aline akashukuru mpaka akatoa simu ili aihifadhi namba ya fundi. Akamtafuta Chadrack ndani ya Iko Wapi, akamwona: muuza makaa. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Na weye ulikuwa unamjua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi futa hii kitu, baba. Mwenye kujua Uvira ni weye. Minye na wenzangu tutakuwa tunakupigia weye, kila siku, utuletee mafundi, utupeleke. Kazi iko nyingi." Akachungulia nje. "Moto yako ndiyo ile?"

Nje Frédéric alikuwa amekwisha kuwasha, akapiga honi. "Patron, tunarudi ao unabaki?"

"Hapana, mama," akasema Térence. "Ni ya Frédéric." Akatoka, akapanda nyuma.