Siku Msalaba wa Kioo Uliponiumbua Kanisani

Aibu hii nimeimeza miezi minane, lakini leo naitoa mwenyewe kabla watu wa mtaa wetu wa Mowlem hawajawasimulia kwa chumvi yao.

Kazi yangu ni kuyeyusha vioo. Nachukua vipande vya madirisha kwa mafundi, navitia rangi, navipanga kama picha, kisha naviingiza kwenye tanuri la umeme nililolitengeneza kwa mikono yangu nyuma ya nyumba, vinashikana vinakuwa kitu kimoja. Mama (aliyenisomesha akitarajia niwe karani wa ofisi) aliona ni wazimu, mpaka mchungaji wetu aliponiambia nilete msalaba wa kioo, na washirika wakiupenda nitapewa madirisha yote ya kanisa jipya.

Sasa, kioo kilichoyeyuka lazima kipoe polepole ndani ya tanuri, mlango umefungwa, la sivyo kinabaki na kinyongo ndani, na baadaye kinapasuka chenyewe bila kuguswa. Hilo nalijua vizuri sana. Lakini stima ilipotea Ijumaa, nikachelewa kuanza, na Jumapili asubuhi tanuri lilikuwa bado na moto, Mama yuko mlangoni na gauni jipya ananiita, basi nikafungua, nikautoa msalaba kwa glavu, nikaufunga kwa blanketi (eti utamalizia kupoa njiani) tukaenda.

Mchungaji akausimamisha madhabahuni, akatuambia tunyooshe mikono tuuweke wakfu. Tumefumba macho, maombi yamekolea, nikasikia pa! Nusu ya msalaba ikaangukia miguuni pake. Dada mmoja wa kwaya akazirai. Mzee Barasa, mzee wa kanisa, akasimama.

"Hiyo tanuri iko na kitu," akasema. "Hakuna mtu ameigusa hii msalaba na imepasuka. Twende tuiombee, na ikibidi tuivunje."

Watu wakaitikia amina, wengine wameshashika mikoba. Mama akaninong'oneza ninyamaze, niache waseme ni pepo, angalau nionewe huruma. Nilitamani kumtii, kweli nilitamani, lakini tanuri lile lilinichukua miaka miwili kulijenga. Nikaenda mbele, nikaokota ile nusu iliyoanguka, nikaomba maikrofoni.

"Hakuna pepo. Mimi ndio nilitoa kioo kabla ipoe, juu ya kutaka mnisifu leo. Tanuri haina makosa."

Mtu akacheka kule nyuma, kanisa zima likafuata, Mzee Barasa mwenyewe akifuta machozi, nami nimesimama pale na nusu ya msalaba mkononi. Mama hakuinua kichwa mpaka ibada ikaisha.

Madirisha alipewa fundi wa alumini. Sikulia (sawa, nililia kidogo, chooni). Jumatatu nikawasha tanuri tena, na nikaapa kwamba hata mchungaji aje kupiga hodi na kwaya nzima, sifungui kabla ya wakati.

Jumatano jioni nikamkuta Mama nyuma ya nyumba, peke yake, kiganja chake kimetulia juu ya mlango wa tanuri.

"Bado iko na moto kidogo," akaniambia. "Ngoja."